Tarikhi ya Waya wa Sirio na Hitilafu Zake

Kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960 ili mashine za kuchapa kwa mbali zipate kuunganishwa na modemu, imeishi umri ambao kanuni chache za ufundi zimeujaaliwa. Kwani hata leo, ruta inapogoma na mtandao wote ukanyamaza, fundi huirudia njia hiyo kongwe, akachomeka kebo na kuomba idhini ya kuingia.

Katika njia hiyo, iitwayo ya sirio, biti hupita moja baada ya moja, wala hazifuatani na ishara ya saa, hivyo ni sharti pande mbili zipatane mwendo kabla ya kusema neno. Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilikwenda kwa baudi 110, yaani herufi 10 kwa sekunde, na kipimo hicho kimepewa jina la Émile Baudot, Mfaransa wa telegrafu. Vyombo vingi vya mtandao vya siku hizi hungoja 9600, na fundi aliyekosea mwendo huona kioo kimejaa alama zisizosomeka.

Apple ilipotoa iMac mwaka 1998 bila tundu la sirio la zamani, na wengine wakafuata, kazi ikaangukia adapta ya USB, na hapo ndipo maradhi mapya yalipozaliwa. Programu kama HyperTerminal, iliyokuja na Windows 95, ilizoea kulikuta tundu la sirio, lililoitwa COM1, mahali pake daima, ilhali adapta, ikihamishiwa tundu jingine, aghalabu hupewa nambari nyingine. Fauka ya hayo pana draiva. Oktoba 2014, draiva mpya ya FTDI, kampuni ya Uskoti itengenezayo chipu za adapta hizo, ilizifutia chipu za bandia nambari yao ya utambulisho na kuweka sufuri, hata adapta zikawa kama zimekufa. Kampuni iliiondoa baada ya malalamiko, nami nasema kumwadhibu mnunuzi asiyejua kwa hatia ya mwigaji ilikuwa dhuluma.

Dawa ya kwanza ni ile ile ya mafundi wa kale: chukua kipande cha waya, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye ncha ya adapta, zima udhibiti wa mtiririko katika programu, kisha piga herufi. Ikirudi kiooni, na ikaacha kurudi unapoutoa waya, adapta, draiva na nambari ya COM ni salama. Lakini jaribio hilo halifichui kosa la mwendo, maana adapta hujisikiliza kwa mwendo ule ule inaosemea. Kwa hiyo, ndugu msomaji, likifaulu na ruta ingali kimya, usiitupe adapta: tazama mwendo, kisha kebo, ndipo uishuku ruta.