Tulishinda au Tulishindwa? Kesi ya City Water na Haki ya Serikali Kulinda Maji Yetu

Julai 24, 2008 Tanzania ilipata hukumu ya ajabu kidogo. Jopo la wasuluhishi watatu lilisema serikali yetu imevunja mkataba wa kimataifa wa kulinda wawekezaji, tena si kipengele kimoja bali kadhaa. Halafu jopo hilo hilo likasema mwekezaji asilipwe hata senti moja. Kila upande ulikuwa na sababu ya kutoka nje na kudai umeshinda.

Wakati sakata la City Water linatokea, wengi wetu tulikuwa chekechea au darasa la kwanza. Tunachokumbuka ni madumu yaliyopangwa uani na mlio wa mkokoteni wa muuza maji asubuhi. Lakini wadau, kesi hii inatuhusu mpaka leo, kwa sababu inajibu swali linalorudi kila tunapobishana kuhusu madini, gesi au bandari: serikali ikiona mwekezaji wa nje anaumiza wananchi, inaruhusiwa kufanya nini?

Tuanze mbali kidogo. Mkataba wa kwanza wa kisasa wa nchi mbili kulinda uwekezaji ulisainiwa mwaka 1959 kati ya Ujerumani Magharibi na Pakistan. Nchi tajiri zilikuwa zinaona makoloni yanapata uhuru na zikaingiwa na hofu: hawa watataifisha viwanda na mashamba ya watu wetu. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Mwaka 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1803, likatamka kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya utajiri wake wa asili, na kwamba likitaifisha kwa manufaa ya umma lilipe fidia inayostahili. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na kamba inayovutwa na watu wawili, mmoja akisema "nilindieni mali yangu", mwingine akisema "hapa ni kwetu".

Mwaka 1966 kikaanza kazi Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, ICSID, chini ya mwavuli wa Benki ya Dunia. Upya wake ni kwamba kampuni binafsi iliweza kuishitaki serikali moja kwa moja, bila kusubiri serikali ya kwao iwasemee, ilimradi serikali inayoshitakiwa imekubali. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1967, sisi tulikuwa Arusha tunatangaza Azimio na kutaifisha mabenki. Unaweza kuona tulivyokuwa tunatembea njia tofauti kabisa.

Miaka ya themanini ilitupiga. Hazina ilikauka, IMF na Benki ya Dunia wakaja na masharti, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunawatafuta wawekezaji kwa tochi. Mwaka 1992 Tanzania ikajiunga na ICSID. Januari 1994 tukasaini mkataba wa kukuza na kulinda uwekezaji na Uingereza. Mkataba wenyewe una kurasa chache tu, na ndani yake kuna maneno kama "kutendewa kwa haki na usawa" na "ulinzi kamili". Ni maneno matamu yasiyo na mipaka. Nani angekataa kumtendea mgeni kwa haki? Anayekuja kupima haki hiyo ni msuluhishi, miaka mingi baadaye, katika chumba ambacho mwananchi wa Manzese hajawahi kukisikia.

Sasa tuje kwenye maji. Mfumo wa maji wa Dar es Salaam ulikuwa umechoka. Mitambo ya Ruvu Juu ni ya mwaka 1959 na ya Ruvu Chini ni ya 1976, wakati mji umekua mara nyingi zaidi. Mabomba yalivuja, wengine walijiunganishia kinyemela, wenye hela walinunua maji ya maboza na wasio na hela walinunua kwa dumu, tena kwa bei kubwa kuliko aliyefungiwa bomba ndani. Mwaka 2003 Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zikakubali kugharamia mradi wa dola milioni 140. Lakini uendeshaji ulitakiwa uende kwa kampuni binafsi. Sharti hilo lilihusishwa pia na msamaha wa madeni tuliokuwa tunausubiri. Tukubali tu kwamba hapo nafasi ya kusema "hapana" ilikuwa finyu.

Zabuni ikatangazwa. Mwishowe mwombaji aliyebaki alikuwa mmoja: Biwater ya Uingereza ikishirikiana na Gauff ya Ujerumani. Wakaunda Biwater Gauff (Tanzania) Ltd, ambayo ilichukua asilimia 51 ya kampuni mpya ya City Water. Asilimia 49 ikawa ya mbia wa Kitanzania, Super Doll. Mkataba wa miaka kumi ulisainiwa Februari 2003, kazi ikaanza Agosti mwaka huo.

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, fikiria nyumba ya kupanga. DAWASA alikuwa mwenye nyumba, yaani mabomba na mitambo ni mali yake. City Water alikuwa mpangaji: anaendesha, anatoa ankara, anakusanya pesa kwa wateja, na kila mwezi anampelekea mwenye nyumba kodi yake. Mwenye nyumba akipata kodi, anaendelea na ukarabati mkubwa.

Mpangaji akaanza kuyumba mapema. Zabuni yake ilikuwa imepangwa vibaya, makusanyo hayakufikia alichotarajia, na mfumo wa ankara ukasumbua. Kutoka mwaka 2004 City Water ikaacha kulipa kodi kamili. Ikaomba mkataba ujadiliwe upya ili ipate nafuu, mazungumzo yakafanyika, yakagonga mwamba. Huku mtaani mabomba yakiendelea kutoa hewa.

Mei 12, 2005 DAWASA ilitoa notisi ya kusudio la kuvunja mkataba. Mpaka hapo hakuna ubaya, mkataba wenyewe ulimpa mwenye nyumba haki hiyo. Lakini mwaka 2005 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kesho yake, Mei 13, Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, Edward Lowassa, akasimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba mkataba umevunjwa. Katika kipindi hicho kampuni ikaondolewa unafuu wake wa kodi ya ongezeko la thamani. Juni 1, siku 19 tu baada ya tangazo la waziri, ofisi za City Water zikachukuliwa, shirika jipya la DAWASCO likakabidhiwa uendeshaji, na mameneja waandamizi kutoka nje wakakamatwa na kusafirishwa makwao. Kwa lugha ya uswahilini, mpangaji alitolewa vyombo nje kabla notisi haijaisha.

Mtaani watu walishangilia, na ukiwaza yale madumu huwezi kuwalaumu. Desemba mwaka huo Lowassa akawa Waziri Mkuu.

Wenzetu nao wakafungua ule mkataba wa 1994. Agosti 2005 Biwater Gauff ikapeleka shauri ICSID, ikidai takriban dola milioni 20. Hii si hela ya kuchezea kwa nchi iliyokuwa inasubiri kusamehewa madeni.

Hapa ndipo pana jambo ambalo nadhani hatulitaji vya kutosha. Asasi tano ziliomba kuingia katika kesi kama "marafiki wa mahakama". Tatu ni za hapa nyumbani: LEAT ya wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na TGNP ya masuala ya jinsia. Nyingine mbili, CIEL na IISD, ni za nje. Hoja yao ilikuwa rahisi: huu si ugomvi wa biashara kati ya wawili, ni suala la maji ya mamilioni ya watu, na anayechukua huduma kama hiyo ana wajibu mkubwa kuliko mfanyabiashara wa kawaida. Februari 2007 jopo likawaruhusu kuwasilisha maandishi, chini ya kanuni mpya za ICSID za mwaka 2006. Lakini hawakupewa nyaraka za kesi, na kwa kuwa kampuni ilipinga, hawakuruhusiwa kukaa ukumbini. Yaani unaombwa ushauri juu ya mgonjwa ambaye haujaruhusiwa kumwona. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka kidogo, na kesi hii ya Dar es Salaam inatajwa hadi leo katika vitabu vya sheria kwa sababu hiyo.

Hukumu ilipotoka, jopo likatenganisha mambo mawili ambayo sisi mtaani tulikuwa tumeyachanganya. La kwanza, je, kampuni ilishindwa kazi? Ndiyo. Jopo liliona matatizo ya City Water yalitokana kwa sehemu kubwa na zabuni mbovu na uendeshaji mbovu, na notisi ya DAWASA ilikuwa hatua ya kawaida ya kimkataba. La pili, je, serikali ilifuata njia halali? Hapana. Tangazo la waziri, kuondolewa kwa unafuu wa kodi, kuchukuliwa kwa ofisi na kufukuzwa kwa mameneja vilikuwa vitendo vya dola, si vya mwenye nyumba. Jopo likahesabu hapo kutaifisha, kukosa haki na usawa, na kukosa ulinzi.

Ikabaki hesabu ya fidia. Juni 1, 2005 City Water ilikuwa na thamani gani? Jopo likajibu: sifuri. Mkataba ulikuwa unaelekea kufa kwa sababu za kampuni yenyewe, kwa hiyo vitendo vya serikali havikuiondolea kitu chenye bei. Msuluhishi mmoja, Gary Born, alitofautiana na wenzake kuhusu sababu, lakini naye hakuona fidia ya kulipwa. Kila upande ukabeba gharama zake. Na katika shauri la pembeni kati ya City Water na DAWASA, lililoamuliwa kwa kanuni za UNCITRAL, kampuni ndiyo iliyoagizwa kulipa, takriban pauni milioni 3. Habari hizo zilitoka Januari 2008.

Hebu tafakari. Serikali ilikuwa na haki mkononi. Ingesubiri notisi iishe, ikamaliza hatua za mkataba na kuchukua mabomba kwa karatasi, kusingekuwa na cha kuishitaki. Badala yake ilichagua kamera na polisi. Tuliokolewa na ubovu wa kampuni. Wenzetu wa Argentina hawakuwa na bahati hiyo: Agosti 2007, katika kesi ya maji ya jimbo la Tucumán, waliamriwa kulipa dola milioni 105.

Kuna wanaosema mikataba hii imefunga serikali mikono kabisa. Sidhani. Philip Morris iliishitaki Uruguay kwa kulazimisha maonyo ya afya yafunike asilimia 80 ya pakiti ya sigara. Julai 2016 ikashindwa na kuagizwa kuchangia gharama za Uruguay kwa dola milioni 7. Uruguay ilikuwa na sheria iliyoandikwa, ushahidi wa kitaalamu, na masharti yaliyomhusu kila muuza sigara. Haikumvizia mtu mmoja usiku.

Lakini pia tusijidanganye kwamba mizani iko sawa. Mwekezaji ana mlango wa kushitaki, mama wa Tandale aliyenunua dumu hana. Na sisi wenyewe tumekuwa vuguvugu: Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kutambua maji kuwa haki ya binadamu, Tanzania haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana.

Je, tulijifunza? Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za kulinda rasilimali za taifa, na nia yake ilikuwa nzuri. Januari 2018 leseni za kuhodhi maeneo ya madini zikafutwa. Wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, wakaenda ICSID wakiwa na mkataba ule ule wa 1994 mkononi. Julai 2023 tukaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 tukakubaliana dola milioni 90. Safari hii hapakuwa na sifuri ya kutuokoa.

Dola milioni 90 zingechimba visima vingapi? Kila mmoja apige hesabu yake. Mimi ninachokiona ni kwamba uzalendo usio na utaratibu ni wa gharama, na bili yake haiendi kwa waziri aliyeshangiliwa, inakuja kwetu. Tudai mambo mawili kwa pamoja: mikataba inayotaja waziwazi haki ya serikali kulinda maji, afya na mazingira, iwekwe hadharani kabla ya kusainiwa. Na viongozi wenye subira ya kusoma notisi mpaka siku yake ya mwisho.

Naomba kutoa hoja.