Kutoka kwa Mkwaju hadi Isidingo: Nani Anapendwa Hadharani?

Wanahistoria wa nchi hii tumeandika sana juu ya vyama vya siasa, ushirika, reli na mkonge. Tamthilia za mapenzi tumewaachia magazeti ya udaku. Nadhani tumekosea, kwa kuwa swali la nani anaonyeshwa hadharani akipenda na kusalitiwa ni swali la kitabaka, na Dumila ni mahali pazuri pa kuliulizia.

Dumila imekaa kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, hapo inapochepuka njia ya Kilosa. Ni mji wa wakulima, wachuuzi na malori. Mwezi Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mhusika wake mkuu alikuwa mtu ambaye mji kama huo unamjua kwa sura: Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wapenzi njiani. Mkewe, Tunu, hakubaki kulia tu. Alianza biashara ndogo, akapata senti zake, kisha akaachana naye. Mkwaju aliugua UKIMWI.

Mchezo huo ulikuwa na jambo la ajabu ambalo wasikilizaji wengi hawakulijua. Watafiti walitaka kupima nguvu yake, hivyo kwa miaka 2 ya mwanzo, hadi 1995, kituo cha Dodoma hakikuurusha. Wakati wenzao wakimsikiliza Mkwaju, wasikilizaji wa kituo hicho walipewa vipindi vingine. Barabara ya Dumila ikawa inaunganisha eneo la majaribio na eneo la ulinganisho. (Malori, bila shaka, hayakuambiwa.) Matokeo yaliyochapishwa baadaye na Peter Vaughan, Everett Rogers na wenzao yalionyesha kuwa katika maeneo yaliyosikiliza, watu walieleza kupunguza idadi ya wapenzi na kuongeza matumizi ya kondomu. Mtu anaweza kuhoji maadili ya kuwanyima wengine elimu ya ugonjwa unaoua ili takwimu zipendeze, nami huwahimiza wanafunzi wangu wahoji. Hata hivyo, ule ulikuwa mchezo wa mapenzi uliomchukua mfanyakazi wa kawaida kuwa mtu anayestahili hadithi.

Televisheni ilikuja na watu wengine. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango, na vituo binafsi, ITV kikiwa miongoni mwa vile vya mwanzo, vikaanza 1994. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. ITV ilitupatia michezo ya Kaole, walikopitia Steven Kanumba na Vincent Kigosi. Ilitupatia pia Isidingo kutoka Afrika Kusini.

Isidingo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Ilianza 1998 kwenye kituo cha SABC 3 ikiwa hadithi ya mji wa mgodi wa dhahabu, Horizon Deep. Wachimbaji, wake zao, baa yao, meneja wao: kazi ilikuwa kiini cha hadithi. Kadiri miaka ilivyosonga, uzito wake ulihama kutoka shimoni kwenda kwenye kituo cha televisheni cha ndani ya hadithi, na wapenzi wakawa wakurugenzi na watangazaji wanaosalitiana kati ya chumba cha mikutano na chumba cha kulala. Barker Haines na Cherel walijulikana hapa kwetu kama majirani wabaya. Ilipozimwa mwaka 2020, mgodi ulikuwa kumbukumbu ya mbali.

Safari hiyo ya kutoka mgodini kwenda ofisini ndiyo iliyofanywa na tamthilia zetu kwa jumla. Leo mapenzi ya pembetatu ni ya daktari, mwanasheria na meneja wa kampuni. Ni wasomi ambao hatuwaoni wakifanya kazi: daktari hapimi mgonjwa, mwanasheria haendi mahakamani. Taaluma imekuwa vazi, sawa na suti na gari.

Sipingi wasomi kupendana. Ninachopinga ni kile kinachofichwa na vazi hilo, yaani mali. Katika wilaya ya Kilosa, ambako mwezi Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, ardhi si mandhari ya nyuma. Mwanamume wa Dumila akichukua mwanamke wa pili, swali la kwanza la yule wa kwanza ni shamba: nani atavuna mpunga alioupanda? Sheria ya Ndoa ya 1971 ina majibu kadhaa. Kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa wale walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kuheshimika hivyo, dhana ambayo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali, ingawa Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila mgawo zaidi. Hiyo ni tamthilia kamili: mapenzi, jasho, hukumu yenye ushindi ndani ya kushindwa. Bado naisubiri kwenye skrini.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Siri ya Mtungi, iliyoanza 2012 kwa fedha za wafadhili, ilimweka mpigapicha katikati ya vishawishi vyake, nasi tukamwona kazini. Hata Wachina walituletea Doudou, muuguzi anayehangaika na wakwe, kwa Kiswahili kupitia TBC. Rais Xi Jinping aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Kwamba muuguzi wa Beijing alifika sebuleni mwetu akiongea Kiswahili kabla ya muuguzi wa kituo cha afya cha Kilosa ni jambo la bajeti za uzalishaji, na la nani anazilipa. Tunu alilipiwa na Umoja wa Mataifa. Wa sasa wanalipiwa na ving'amuzi, na anayelipia king'amuzi kila mwezi ndiye anayefikiriwa hadithi inapoandikwa.