Saa ya bahari begani kwa mpagazi

Rolex ilipotoa Yacht-Master mwaka 1992, iliwauzia matajiri sifa ya kale ya saa za baharini. Chimbuko la sifa hiyo ni John Harrison, seremala wa Uingereza ambaye saa yake ilijaribiwa baharini mwaka 1761 ili nahodha ajue amefika wapi mashariki au magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo karibu na ikweta kosa la dakika moja hupoteza takriban kilomita 28. Lakini saa hizo hazikuishia baharini. Zilipanda kutoka pwani hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, na wasomaji wa Choma na Tabora mjini wana haki ya kudai sehemu ya sifa hiyo, kwa sababu bara hapakuwa na meli wala kabati la nahodha. Palikuwa na bega la mpagazi.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857. Saa zao zilipoharibika, walihesabu sekunde kwa risasi iliyoning'inizwa kwenye uzi. Januari 1867 mpagazi wa mmisionari Livingstone aliteleza mara mbili kwenye utelezi, na saa zikaonekana zimebadili mwendo. Atasema mtu kwamba mpagazi hakusoma nyota wala hakuchora ramani. Ni kweli, ila msoma nyota naye hakuwa na cha kusoma pale hatua ya mbebaji ilipokosea. Ubebaji ulikuwa sehemu ya kipimo chenyewe.

Ndiyo maana yaliyotokea Kwihara, karibu na Tabora, Oktoba 1873 hayafai kupitwa haraka. Siku ya mwisho ya uhai wake katika kijiji cha Chitambo, Livingstone alimwelekeza mtumishi wake Susi aishike saa kiganjani, huku yeye Livingstone akizungusha ufunguo polepole. Alipofariki, Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake na masanduku hadi Kwihara, wakamkuta msafiri Mwingereza, Luteni Cameron. Aliwashauri wamzike hapohapo, wakakataa. Kisha akafungua masanduku, akachukua vipimahewa, dira, vipimajoto na sekstanti. Wanaomtetea husema vilimfaa, kwani alivuka bara hadi Atlantiki mwaka 1875. Vilimfaa, sawa, lakini vilikuwa amana mikononi mwa watu waliovifikisha salama, na kufaa kwavyo hakukumpa ruhusa. Tembe la Kwihara hadi leo huitwa la Livingstone, na hiyo ni dhuluma ndogo inayorekebishika kwa kibao chenye majina ya Susi na Chuma. Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo na mwili, bila vifaa vile.