Mafuta Yapi? Historia ya Majina ya Petroli, Dizeli na Oili katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1. Shabaha

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha mashine ya kukatia nyasi, ile ndogo ya kusukuma kwa mikono inayoendeshwa na petroli, hukutana mapema na maagizo matatu. Akiyafasiri kwa haraka yatasomeka hivi: jaza mafuta, pima mafuta, badilisha mafuta. Sentensi zote tatu ni Kiswahili safi, wala hapana mwalimu atakayezitia alama nyekundu. Hata hivyo mtunza bustani wa shule au wa ofisi ya serikali akizifuata zilivyo anaweza kuiharibu mashine siku ya kwanza, kwa kuwa mafuta ya agizo la kwanza ni petroli, na mafuta ya maagizo mengine mawili ni oili ya injini.

Tatizo hili halikuanza na kijitabu hicho. Lina historia ndefu, na mahali ambapo historia hiyo huonekana waziwazi ni Kigoma, Ujiji na mwambao mzima wa Ziwa Tanganyika, ambako neno moja la mafuta limebebeshwa mizigo mingi kwa zamu.

2. Mawese, taa na debe

Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta soko lililokuwa likiuza, pamoja na bidhaa nyingine, mafuta ya mawese. Kwa mkazi wa mwambao huo neno mafuta lilikuwa na maana iliyo wazi: kitu cha kupikia na cha kujipaka. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni mafuta yapi.

Haja hiyo ilikuja na mafuta ya taa. Waswahili hawakukopa jina la kigeni. Walichukua neno walilokuwa nalo wakaliongezea kazi ya kitu chenyewe. Jina hilo limedumu kwa sababu linajieleza. Chombo kilicholeta mafuta hayo, yaani debe la bati, nacho kikawa kipimo cha sokoni, na mawese yale yale ya zamani yakaanza kupimwa kwa debe. Baadaye wavuvi wa dagaa waliwasha karabai ziwani usiku, na mafuta ya taa yakawa zana ya uvuvi.

3. Mvuke, petroli na dizeli

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo Wajerumani walisafirisha vipande vya meli iliyojengwa Papenburg, wakaviunganisha Kigoma, na mwaka 1915 meli ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa meli ya mvuke. Aliyelisha boila alihitaji kuni, nazo zilikatwa ufukweni.

Mwaka huo huo Waingereza walileta ziwani, kwa kupitia Kongo, mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, zilizoendeshwa kwa injini za petroli. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Wanahistoria huzitaja kwa ushujaa wa mabaharia wake. Sisi twazitaja kwa sababu ya petroli. Kuni hukatwa porini, petroli haikatwi. Ilikuwa kitu kipya, nacho kikaja na jina lake.

Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Graf von Götzen wenyewe ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Grisi ile haikuwa ya kuchomwa. Ilikuwa ya kulinda chuma, na ndiyo iliyoiokoa meli. Tofauti ya mafuta yachomwayo na mafuta yalindayo haijapata kuonyeshwa kwa mfano mkubwa kuliko huo katika nchi yetu.

Katika matengenezo ya miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ya Liemba iliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Neno dizeli latokana na Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyebuni injini hiyo. Kwanza jina la mtu likawa la injini, kisha jina la injini likawa la mafuta yake. Njia hiyo ya kutoa majina si ngeni kwetu: kituo cha kuuzia petroli chaitwa sheli na watu wengi hata kama mwenye kituo si kampuni ya Shell.

4. Ng'ambo ya ziwa

Mwambao wa magharibi wa ziwa, kuanzia Uvira hadi Kalemie, ulitawaliwa na Wabelgiji, na Kiswahili cha huko kilikopa kutoka Kifaransa. Petroli yetu huko ni esansi, na dizeli ni mazutu. Lakini neno petroli lenyewe, likifuata Kifaransa, huko humaanisha mafuta ya taa.

Tafadhali msomaji atafakari maana ya jambo hilo. Mtu wa Kalemie akishuka Kigoma akaomba petroli ya taa yake, naye akapewa petroli ya huku, taa hiyo yaweza kuteketeza nyumba. Mtu wa Kigoma akinunua petroli Kalemie kwa ajili ya mashine ya mtumbwi wake, yaweza kumzimikia katikati ya ziwa. Wote wawili wamesema Kiswahili, na kila mmoja amekisema kwa usahihi wa kwao.

Mtego wa tatu hutoka mbali zaidi. Wamarekani wamefupisha jina lao la petroli hata likafanana na neno letu gesi. Mfasiri asiyejihadhari huandika “mashine ya gesi ya kukatia nyasi”. Nchini mwetu, ambako gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na magari yanayotumia gesi hasa yapo, maneno hayo yanataja mashine nyingine kabisa.

5. Maneno katika matunzo ya mashine

Tuirudie sasa mashine yetu ya nyasi. Zipo injini za namna mbili. Injini ya mapigo manne hutiwa petroli tupu katika tangi lake, na oili katika kasha la chini. Viwili hivyo havikutani. Injini ya mapigo mawili, kama zilivyo nyingi za mitumbwi, haina kasha la oili. Kwa kawaida oili maalumu huchanganywa na petroli kwa kipimo cha mtengenezaji, mathalani sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Agizo la “tia mafuta” halimfai mwenye injini yoyote kati ya hizo.

Petroli nayo iwe safi. Kuanzia mwaka 2010 umma ulilizoea neno kuchakachua, lililotumiwa hasa kwa kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli, na punde likavuka hadi katika siasa. Mwaka huo huo EWURA ilianza kuweka katika mafuta ya magari kitambulisho kilichoitwa vinasaba, neno lililokuwa la elimu ya viumbe. Injini ndogo iliyonyweshwa petroli iliyochakachuliwa hutoa moshi na huwa nzito kuwaka.

Hatimaye kuna majira. Kigoma nyasi huota kwa nguvu wakati wa mvua. Kiangazi mashine hulala miezi mingi. Petroli iliyoachwa humo huchacha na kuacha utando katika kabureta. Kwa hiyo tangi limwagwe, kichujio cha hewa kisafishwe, plagi ikaguliwe, na oili ibadilishwe, kwa injini nyingi kila baada ya saa 50 za kazi au kila msimu.

6. Mapendekezo

Kutokana na historia hii twapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

(a) Neno mafuta lisisimame peke yake katika maagizo ya mashine. Liandikwe petroli, dizeli, mafuta ya taa au oili.

(b) Kilainishi litumike kama jina la jumla linalojumuisha oili na grisi. Lakini katika agizo kitajwe kitu chenyewe.

(c) Maandishi yatakayosomwa pande zote mbili za ziwa yaeleze kazi mara ya kwanza: “petroli, yaani esansi, ya kuendeshea injini”.

(d) Gesi ibaki kuwa gesi.

Wazee waliosema mafuta ya taa walitambua kwamba jina jema hutaja kazi. Wafasiri wa leo wakiifuata kanuni hiyo, mtunza bustani ataweza kuisoma karatasi yake peke yake, na mashine itawaka tena mvua zitakaporudi.