Kaole: shule ya sanaa iliyofundisha mbele ya kamera

Mtaje Swebe, Nora au Muhogo Mchungu mbele ya mtu wa Magomeni au Tandika aliyevuka miaka 35, uone. Hatauliza unamzungumzia nani. Atakusimulia yeye: nani alimpokonya nani mchumba, mkwe gani alikuwa na roho mbaya, na umeme ulivyokuwa ukikatika utamu ukianza kukolea. Tamthilia za Kaole Sanaa Group zilirushwa na ITV zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini wahusika wake wamebaki kama majirani waliohama mtaa.

Wanaozikumbuka husema siku hizo watu waliigiza kweli. Kauli hiyo ina chumvi, maana picha zilitetemeka, sauti zilimezwa na upepo na sebule moja ilitumika kama nyumba ya matajiri watatu. Hata hivyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo unahusu namna waigizaji walivyopatikana.

Dunia ina tamthilia yake mashuhuri kuhusu vijana wanaosomea sanaa. Fame ilianza kama filamu ya Alan Parker mwaka 1980, ikawa tamthilia ya televisheni kuanzia 1982 hadi 1987: wanafunzi wa shule moja ya New York wakiimba, wakicheza na kuigiza, huku wakigombana na walimu na wazazi. Wakati inatamba Marekani na Uingereza, Dar es Salaam haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, CTN ilipoanza kurusha matangazo, ikafuatiwa mwaka huohuo na ITV na DTV.

Vijana wanaosomea sanaa, hata hivyo, walikuwepo. Hawakuwa na kamera ya kuwafuata tu.

Sarakasi, ngoma na kiingilio

Serikali ilianza mapema. Mwaka 1965 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi na kuwa kundi la taifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho miaka hiyo hiyo ya 1960, na humo wakapita waandishi kama Ebrahim Hussein, Penina Muhando na Amandina Lihamba. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilizaliwa mwaka 1981. Ndicho hiki tunachokiita leo TaSUBa.

Lakini kijana wa Temeke aliyetaka kupanda jukwaani hakulazimika kufika Bagamoyo. Mashirika ya umma na majeshi yalikuwa na vikundi vyao: DDC Kibisa, JKT, Magereza. Vya binafsi vikafuata, na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ikawa gumzo la jiji. Mwaka 1992 CCM ikaunda Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba.

Onyesho la vikundi hivi lilikuwa kama sinia la pilau la shughuli: kila kitu kimo. Kwa kiingilio kimoja, mtu wa Manzese au Temeke aliona ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu katika jioni moja kwenye ukumbi wa baa. Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walipotupiana mipasho, mashabiki walijipanga upande huu na ule kama wa Simba na Yanga.

Ili kujaza saa zote hizo, kikundi kilihitaji watu wanaojua zaidi ya kazi moja. Aliyepiga ngoma saa mbili aliigiza mlevi saa tatu na kuitikia kiitikio saa nne. Vichekesho na maigizo havikuandikwa neno kwa neno. Wasanii walipewa mkasa, wakagawana nafasi, kisha wakajengea hapohapo, wakisikiliza ukumbi unacheka wapi na unanuna wapi. Chipukizi alianzia pembeni, akabeba vyombo, akatazama wakubwa. Siku mmoja wao alipougua, yeye ndiye aliyesukumwa mbele. Mtihani wake ulikuwa huo, na wasahihishaji walikuwa wamelipa kiingilio.

Jukwaa lahamia sebuleni

Vituo vya televisheni vilipofunguliwa vilihitaji vipindi vya Kiswahili, na waliojua kuigiza kwa Kiswahili walikuwa ni watu wa vikundi na wa redio. Redio Tanzania ilikuwa imekwishazoeza masikio. Mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza 1993 kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi, ulimfanya dereva wa lori aitwaye Mkwaju ajulikane nchi nzima. Kwenye runinga, ITV ilirusha Mambo Hayo, kisha likaja jina la Kaole.

Kaole ilibeba utaratibu wa jukwaani na kuuhamishia kwenye nyumba za watu. Mwongozaji alieleza kisa, wahusika wakatafuta maneno wenyewe, kamera ikazunguka. Mzee Kipara, mkongwe wa maigizo, na Bi Hindu walikaa fremu moja na vijana ambao hawakuwa na jina. Kijana akikosea, mzee aliliokoa igizo kwa swali au tusi la mapenzi. Mtazamaji wa Mbagala aliyekaa mkekani kwa jirani mwenye televisheni alikuwa akitazama somo likiendelea: wiki hii binti anasitasita, baada ya miezi michache anamkaba mtu mzima kwa maneno hadi sebule nzima inapiga makofi.

Tamthilia zilipokezana: Jahazi, Dira, Tufani, Gharika, Baragumu, Taswira, Zizimo. Majina ya wahusika yakameza majina ya wazazi. Blandina Chagula akawa Johari hadi leo, Vincent Kigosi akawa Ray. Magazeti ya Ijumaa na Risasi yakaanza kuandika habari za mapenzi ya wasanii hawa kana kwamba tamthilia inaendelea barabarani.

Mwaka 2002 alijiunga na Kaole kijana mzaliwa wa Shinyanga aliyekuwa na miaka 18, Steven Kanumba. Kilichofuata kinajulikana, lakini inafaa kukumbuka kwamba nyota mkubwa kuliko wote wa filamu za Bongo aliingia kwa mlango wa kikundi, akakuta wakubwa zake humo.

Nyota watoka, darasa labaki tupu

Mwaka 2003 mwongozaji George Tyson, Mkenya aliyehamia Dar es Salaam, alitoa Girlfriend, filamu ya maisha na muziki iliyowaweka pamoja mwigizaji Monalisa na wanamuziki wa bongo fleva kama TID na Jay Moe. Hiyo ndiyo kazi yetu iliyoikaribia Fame zaidi. Pia ilionyesha kwamba kanda ya video inauzika Kariakoo.

Soko lile lilimpa mwigizaji kitu ambacho televisheni haikumpa: malipo kwa jina lake. Ray na Johari wakaanzisha kampuni yao, RJ. Kanumba akacheza na Wanaijeria, akawa na kampuni yake. Nani angewalaumu? Walikuwa wamejifunza kazi kwa miaka bila kipato cha maana. Ila kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi ambao chipukizi wa kikundi walikuwa wanauchota kwake bure. Filamu zikatengenezwa kwa haraka, sura nzuri ikatangulizwa, na mazoezi yakawa anasa. Kanumba alipofariki Aprili 2012 na umati ukafurika Leaders Club kabla ya maziko ya Kinondoni, wengi walilia nyota wao. 

Watu wa muziki walipita njia nyingine. Mwaka 2005 Ruge Mutahaba alianzisha Tanzania House of Talent, THT, Kinondoni. Vijana walifundishwa kuimba, kucheza na kusimama jukwaani kabla ya kurekodi. Wakatoka Barnaba, Mwasiti, Linah na baadaye Nandy. Temeke nako, Said Fella, aliyelisimamia kundi la TMK Wanaume, akaanzisha Mkubwa na Wanawe, na humo ikazaliwa Yamoto Band ya Aslay, Mbosso, Beka na Enock Bella. Yamoto nayo ilivunjika, lakini Aslay na Mbosso waliweza kusimama peke yao, kwa sababu walikuwa wamefundwa.

Waigizaji hawakupata THT yao. Tamthilia za miaka ya karibuni kama Huba na Jua Kali zina picha safi na sauti inayosikika, na vipaji vimo. Kinachokosekana ni ile miaka ambayo mtu anaruhusiwa kukosea mbele ya mzee wa kazi, na mzee huyo ana sababu ya kubaki kesho. Miaka hiyo ina gharama. Zamani ililipwa na shirika la umma, na chama, na kiingilio cha baa, na zaidi ya wote na vijana wenyewe waliofanya kazi bila malipo hadi wakachoka.

Kwa hiyo anayetamani Kaole irudi asianze kwa kukodi kamera. Akodi ukumbi Magomeni au Tandika, amlipe mkongwe mmoja posho ya mwezi, na afungue mlango saa kumi jioni kwa yeyote anayetaka kujaribu. Tamthilia itakuja baadaye, ikiwa na watu wa kuibeba.