Dohani za Wazee Wetu

Katika hospitali na mahoteli makubwa ya mijini mna boila za kuchemshia maji, na juu ya paa huonekana dohani ya kutolea moshi wake. Aionaye hudhani kuwa akili hiyo ilitujia pamoja na mvuke kutoka Ulaya. Lakini sisi tukaao Mpemba tu majirani wa Wanyiha na Wafipa, ambao wazee wao walijenga dohani kabla ya kuja Wazungu: matanuru ya kutolea chuma katika mawe.

Wafipa waliliita tanuru hilo ilungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, pana chini, jembamba juu, urefu wake kama mita 3. Chini palikuwa na matundu pande zote, yametiwa mirija ya udongo. Juu palikuwa wazi. Likajazwa makaa na mawe ya chuma, moto ukawaka siku kadhaa, usiku na mchana, wala hapakuwa na mtu wa kuvukuta! Mivukuto ilitumika baadaye tu, katika tanuru dogo la kutakasia chuma, jina lake kintengwe.

Ni nani basi aliyevukuta? Ni urefu wenyewe. Hewa ikipata moto huwa nyepesi, hupanda, na hewa baridi huingia chini kushika mahali pake. Kadiri dohani inavyorefuka, ndivyo inavyovuta kwa nguvu. Boila za zamani zilivutiwa hewa kwa njia iyo hiyo. Siku hizi nyingi zina feni, maana moshi wake hutoka umekwisha poa, hauna nguvu ya kupanda wenyewe.

Tena liko jambo lililo zito zaidi. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa hewa nyingine, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya ilungu hewa hii ndiyo iliyofanya kazi, kwa kuinyang'anya mawe oksijeni yake hata chuma kikabaki. Lakini mtu akiivuta, hushika damu yake mahali pa oksijeni. Kichwa humwuma, hulegea, hulala, asiamke. Dohani ya boila ikizibika kwa masizi au kiota cha ndege, hewa hiyo hurudi nyumbani. Nasi wa nyanda hizi, baridi ya Juni na Julai ikituzidi, huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha, tukijisemea kuwa makaa mekundu hayana moshi.

Wafua chuma walijenga malungu yao porini, mbali na nyumba. Hatusemi kwamba waliijua sumu hiyo. Miiko yao ilikuwa na sababu nyingine.

Majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa Wadachi na Waingereza, kazi hiyo ilififia, kisha ikakoma. Huko Ufipa baadhi ya malungu yangali yamesimama porini, na matundu yake ya chini yaonekana.