Samaki wa Abunuwasi: Karpu na Historia ya Masguf

Katika visiwa na miji ya mwambao wa Afrika ya Mashariki, Abunuwasi ni mtu wa hadithi: mjanja asiyeshindwa, anayewatoa watu katika dhiki kwa ulimi wake. Mjini Baghdad jina hilo ni la mshairi na la barabara. Mshairi ni Abu Nuwas, aliyezaliwa Ahwaz katikati ya karne ya 8, akalelewa Basra na kufariki Baghdad kiasi cha mwaka 814. Barabara ni ile inayofuata ukingo wa mashariki wa Mto Tigris, ambao Waarabu huuita Dijla, na hapo imesimama sanamu yake iliyofanywa na Ismail Fattah. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 barabara hiyo ilisifika kwa mikahawa yake na kwa moshi wa samaki wa kubanikwa aitwaye masguf. Historia ya samaki huyo ni historia ya mji na ya mto, na kadhalika ya mgeni mmoja aliyeingia jikoni akalirithi jina la wenyeji.

Samaki wa masguf huchaguliwa na mlaji angali hai hodhini. Hapasuliwi tumboni, bali mgongoni, toka kichwani hadi mkiani, akafunguliwa bapa kama afunguliwavyo ng'onda. Hutiwa chumvi, na wengine humpaka ukwaju na manjano. Kisha husimamishwa wima kwa vijiti vilivyochomekwa ardhini, nyama ikiukabili moto wa kuni za mkomamanga au za miti mingine ya matunda. Haungui, kwa kuwa moto hauko chini yake. Huiva polepole kwa joto la pembeni, kwa muda wa saa moja au zaidi, huku mafuta yakimtiririka. Mwishowe hulazwa juu ya makaa, ngozi ikiwa chini. Huliwa kwa mkono, pamoja na mkate wa tanuri, vitunguu, ndimu na amba, yaani achari ya maembe iliyotoka Bara Hindi pamoja na jina lake. Mtu wa mwambao hahitaji kufasiriwa ladha hiyo: ukwaju, manjano na achari vilisafiri kwa bahari ile ile iliyovifikisha Unguja na Mombasa. Hata neno masguf, kwa umbo lake, limo katika shina la Kiarabu lililowapa Waswahili neno sakafu.

Mapenzi ya watu wa Iraq kwa samaki wa mtoni ni ya kale. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 868 au 869, husimuliwa kuwa katika umaskini wa ujana wake aliuza mkate na samaki kandoni mwa mfereji wa Sayhan. Alipokuja kuandika kitabu chake kikubwa cha wanyama, alimjadili shabut, samaki aliyetukuzwa kuliko wote, pamoja na kauli ya watu wa zama zake kuwa shabut huzaliwa kwa mchanganyiko wa samaki wa aina mbili mbalimbali. Ni Al-Jahiz huyo huyo aliyewataja Wazanji wa Qanbalu na wa Lanjuya, majina ambayo wanahistoria huyanasibisha na Pemba na Unguja.

Naye Al-Mas'udi, aliyefika Qanbalu kiasi cha mwaka 916, ameacha kisa cha Khalifa Harun al-Rashid alipokaribishwa chakula na nduguye, Ibrahim bin al-Mahdi. Khalifa aliletewa sahani ya samaki aliyekatwa vipande vidogo mno. Alipouliza, aliambiwa kuwa vile ni ndimi tupu, za samaki wapatao 150, na gharama yake imepita dirhamu 1,000. Harun alikataa kula mpaka Ibrahim atoe sadaka ya fedha kama hizo. Basi hata katika zama za neema kuu, palikuwa na fikra kwamba samaki wa mtoni ana haki yake, na kumfanyia israfu ni aibu.

Shabut, pamoja na bunni na qatan, ndio waliokuwa samaki wa masguf wa asili. Wote ni wa ukoo mmoja na karpu, na ni ukoo alimo pia ningu wa Ziwa Viktoria. Bunni alikuwa khasa samaki wa vinamasi vya kusini, vilivyojaa matete baina ya Tigris na Furati. Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyekaa huko katika miaka ya 1950, alikuta wenyeji wakivua kwa mkuki wa ncha tano, mvuvi akisimama katika omo ya mtumbwi. Kuvua kwa wavu walikuona kazi ya watu wa chini, nao mvuvi wa nyavu hawakumhesabu kuwa mwenzao.

Samaki hawa wana magamba, na jambo hilo si dogo. Mashia hawali samaki asiye na magamba, na Mayahudi kadhalika. Hivyo basi, masguf alikuwa chakula ambacho takriban kila mkazi wa Baghdad aliweza kukikalia pamoja na jirani yake: Sunni na Shia, Mkristo, na Myahudi pia, kabla ya Mayahudi walio wengi kuihama nchi mnamo 1950 na 1951.

Karpu wa kawaida aliletwa Iraq katikati ya karne ya 20 kwa ajili ya kufugwa. Asili yake ni Ulaya na Asia, na sifa zake ni zile anazozipenda mfugaji: hukua upesi, hula karibu kila kitu, huvumilia maji ya matope na huzaana kwa wingi. Mabwawani alinenepa, mtoni alijipenyeza akaenea. Wazee walisema nyama yake ina harufu ya tope na haifikii ya shabut. Lakini bei yake ilikuwa nafuu, naye alipatikana kila siku. Taratibu akatwaa nafasi kwenye vijiti vya masguf, na wateja wakazoea.

Haikuwa nguvu ya mgeni peke yake iliyowashinda wenyeji. Kuta za kuzuia maji zilizojengwa Uturuki, Syria na Iraq yenyewe zilipunguza mafuriko ya majira ya kuchipua, ambayo samaki waliyategemea kwa kuzaliana. Baada ya maasi ya mwaka 1991, serikali ya Saddam Hussein ilivikausha vinamasi, na ilipofika mwaka 2000 sehemu kubwa mno ilikuwa imekwisha kuwa jangwa. Watu walihama na bunni akapotea. Mwaka 2003 wenyeji walibomoa kuta na maji yakarudi kwa kiasi, na mwaka 2016 vinamasi vikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Walakini ukame uliofuata uliwarudisha wengi katika dhiki.

Mto wenyewe nao ulitiwa najisi. Katika mauaji ya 2006 na 2007 maiti zilitupwa Tigris, na watu wengi wa Baghdad waliacha kula samaki wake, kwa kuogopa kile alichokula. Barabara ya Abu Nuwas, iliyokuwa imefungwa kwa vita, ilifunguliwa tena Novemba 2007. Mwaka 2018 msiba uliwashukia wafugaji wa karpu: katika mkoa wa Babil samaki waliofugwa walielea wakiwa wamekufa, wakaufunika uso wa Furati. Palivuma uvumi wa sumu, lakini uchunguzi ulionesha virusi vya malengelenge vinavyowapata karpu, visivyomdhuru binadamu. Mwaka 2023, kwa uhaba wa maji, serikali iliyafunga mabwawa mengi yasiyo na leseni.

Jina la Abu Nuwas lilivuka bahari likabakia, ilhali mwenye jina alibadilika: mshairi wa Baghdad akawa mjanja wa hekaya za mwambao, na hakuna msikilizaji aliyelalamika. Vivyo hivyo masguf alibadilishiwa samaki, na jina halikutetereka. Mgeni amelibeba kwa heshima. Lakini shabut na karpu, mwenyeji na mgeni, wote huishi kwa maji. Samaki akiondoka, mpishi atatafuta mwengine. Mto ukiondoka, itabaki barabara yenye jina la mshairi, na vijiti vilivyochomekwa mbele ya moto usio na cha kubanika.